Je, dizeli ya ‘sheli’ moja inaenda mbali kuliko ya nyingine?

• Dizeli ya kampuni zote nchini huagizwa kwa pamoja, shehena moja hugawanywa kwa kampuni nyingi.
• Tofauti kubwa huanzia baada ya bandari: kwenye tangi la kituo, kwenye pampu na kwenye dumu.
• Kabla ya kuhama kituo, pima mwenyewe. Hesabu yake ni rahisi.

Simiyu. Ukikaa kijiweni na madereva wa Fuso, Canter na Hiace pale Bariadi, Maswa au Sola, chai haiishi kabla mtu hajasema mafuta ya kampuni fulani “yanaenda mbali” na ya kampuni nyingine “yanayeyuka tu”. Wa pili atabisha. Wa tatu ataapa kwamba tangu ahamie kituo kingine gari lake limepata nguvu.

Ubishi huo una pesa ndani yake. Simiyu iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na gharama ya kusafirisha mafuta inaingia kwenye bei ya kila lita. Ukiwa na lori la kubeba pamba, trekta la kulimia au mashine ya kusaga ya dizeli, mafuta ndiyo yanayoamua kama mwezi umeisha na faida au na deni.

Swali ni je, jina lililoandikwa kwenye bango la kituo linabadilisha chochote?

Meli moja, mabango mengi

Watanzania wengi huita kituo chochote cha mafuta “sheli”, hata kama bango linasema Puma, TotalEnergies, Oryx au Lake Oil. Kwa upande wa dizeli yenyewe, mazoea hayo hayako mbali na ukweli.

Tanzania huagiza mafuta kwa mfumo wa pamoja. Kampuni hupeleka mahitaji yao kwa Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja (PBPA), zabuni inatangazwa, na mshindi analeta shehena kwa ajili ya kampuni nyingi kwa wakati mmoja kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Maana yake, dizeli iliyoko kwenye kituo cha kampuni kubwa na ile ya kituo kidogo ng’ambo ya barabara inaweza kuwa imeshuka kwenye meli moja.

Mafuta hayo yote yanatakiwa kufikia viwango vinavyosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa mfano, tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kila kilo ya mafuta. Kiwango hicho hakiangalii jina la kampuni.

Basi kwa dizeli ya kawaida, kampuni moja haina “siri” ambayo nyingine haina. Nguvu iliyomo ndani ya lita moja inakaribia kulingana.

Vipi kuhusu dizeli yenye ‘dawa’?

Kuna kampuni duniani zinazouza dizeli iliyoongezwa kemikali za kusafisha nozeli, kuzuia kutu na kupunguza povu wakati wa kujaza. Nyingine huongeza kinachoitwa namba ya seteni, yaani kipimo cha jinsi dizeli inavyowahi kuwaka ikiingia kwenye silinda.

Seteni kubwa husaidia injini kuwaka kirahisi asubuhi na kupunguza kugonga. Haiongezi nguvu ndani ya lita. Dawa ya kusafisha nayo inasaidia zaidi gari ambalo nozeli zake zimechafuka, kwa sababu inarudisha kile kilichokuwa kimepotea. Gari lenye nozeli safi halina cha kurudishiwa, hivyo dereva wake asitegemee maajabu.

Chukua mfano wa Canter linalotembea kilomita 6 kwa lita, na kilomita 3,000 kwa mwezi. Hizo ni lita 500. Tuseme dizeli ya kawaida ni Sh2,800 kwa lita: utalipa Sh1,400,000. Sasa tuseme dizeli yenye dawa inauzwa Sh2,900 na inakupunguzia matumizi kwa asilimia 2. Utatumia lita 490, ambazo ni Sh1,421,000. Umeokoa lita 10, lakini mfukoni umepoteza Sh21,000.

Kwa bei hizo za mfano, dizeli hiyo ingebidi iokoe zaidi ya asilimia 3 ndipo uanze kuona faida. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa zile chupa za dawa za kumimina kwenye tangi.

Tofauti inapoanzia

Hii haina maana kwamba madereva wanaosema mafuta yanatofautiana wanaota. Tofauti ipo, ila mara nyingi inatokana na kituo kuliko kampuni.

Ya kwanza ni maji. Tangi la chini ya ardhi linaweza kuingiza maji ya mvua au kukusanya unyevu. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Tangi likikaribia kuisha, au lori la mafuta likiwa limetoka kushusha muda huo huo, maji na uchafu vinavurugika na vinaweza kupanda hadi kwenye pampu. Pale maji yanapokutana na dizeli huota pia vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi unaoziba chujio.

Ya pili ni uchakachuaji. Neno “kuchakachua” lilipata umaarufu nchini miaka ya 2010 kwa sababu ya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi kwa bei, kuchanganywa kwenye dizeli. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2010, EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua, kazi ambayo sasa iko chini ya TBS.

Mafuta ya taa ni mepesi. Kwa kila lita yana nguvu ndogo kidogo kuliko dizeli, na hayalainishi vizuri. Gari linakosa nguvu mlimani, unakanyaga zaidi, linakula zaidi.

Ya tatu ni kipimo. Pampu ikikupa pungufu, utasema mafuta “hayaendi mbali”, kumbe hukupewa yote. Ndiyo maana pampu zinatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo (WMA).

Ya nne ni dumu. Vijijini, ambako kituo kiko mbali, dizeli huuzwa kwa madumu na chupa. Hata kama ilikuwa safi ilipotoka mjini, dumu lililowahi kubeba petroli, mafuta ya kula au maji linaiharibu, na hakuna anayejua kipimo chake. Kupunguza hali hiyo, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukitoa mikopo nafuu kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vijijini.

Gari lako ni la aina gani?

Injini za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 1HZ ya Land Cruiser au 5L ya Hiace, zinavumilia mengi. Zitatoa moshi, zitalalamika, lakini mara nyingi zitakufikisha.

Injini za kisasa kama D-4D za Toyota ni habari nyingine. Zinasukuma dizeli kwa mgandamizo unaoweza kuzidi bar 1,500, na dizeli hiyo hiyo ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Maji kidogo au mafuta ya taa yanaweza kukwaruza vyuma hivyo, na kubadilisha seti ya nozeli ni gharama inayofuta akiba yote ya kununua mafuta ya bei chee mtaani.

Pima mwenyewe

Njia ni ile ya “full tank”. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, kisha andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha angalau kilomita 300. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile, jaza tena hadi ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza.

Mfano: umetembea kilomita 420 na umejaza lita 60, gari lako linakwenda kilomita 7 kwa lita.

Rudia mara tatu kabla ya kuhamia kituo kingine, kisha mara tatu huko. Usilinganishe safari ya kwenda Lamadi tupu na ya kurudi umebeba mzigo, wala wiki ya kiangazi na wiki ya matope. Jaza moja haitoshi kuhukumu. Ukiona tofauti ndogo inayopanda na kushuka, hiyo ni barabara, mzigo na mguu wako. Ukiona kituo kimoja kinakupa matokeo mabaya kila mara, hama.

Wakati unapima, angalia pia haya:

• Upepo wa tairi. Tairi zenye upepo pungufu zinaweza kukugharimu hadi asilimia 3 ya mafuta, ambayo ni zaidi ya kile dawa ya mfano wetu iliokoa.
• Chujio la hewa. Kwenye vumbi la barabara za changarawe linaziba haraka. Injini ikikosa hewa inatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu.
• Kunguruma bure. Lori kubwa lililosimama na injini inawaka, kwa mfano kwenye foleni ya kiwanda cha kuchambua pamba, linaweza kuchoma karibu lita 3 kwa saa.
• Mwendo. Ukivuka kilomita 80 kwa saa, upepo unaanza kula mafuta yako.

Ukihisi umeuziwa mafuta mabaya

Dalili hujitokeza muda mfupi baada ya kujaza: gari linakata kata, linatoa moshi mweupe, linagoma kuwaka au taa ya chujio inawaka. Zima injini. Usiendelee kupiga stata, maana unazidi kusukuma maji kwenye nozeli. Mwite fundi afungue sehemu ya kutolea maji chini ya chujio, na kinga mafuta hayo kwenye chupa safi ya kioo. Yaache yatulie: maji yatajitenga chini.

Kisha tafuta risiti. EWURA inawataka wanunuzi kudai stakabadhi yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita, kwa sababu ndiyo ushahidi endapo utalalamikia ubora au kuuziwa juu ya bei kikomo. Bei hizo hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na za mji wako unaweza kuziona bure kwa kupiga *152*00#.

Aliyenunua kwenye dumu hana risiti, hana kipimo na hana wa kumdai. Kama uko mbali na kituo na huna njia nyingine, beba dumu lako mwenyewe lililo safi na la dizeli tu, lijaze kituoni, na mimina kwenye tangi kupitia kitambaa safi au chujio.