Siku tuliyowapeleka watoto kwenye mawe ya ziwa

Watoto wetu wa Katogota wanajua mifereji ya mpunga na maji ya Ruzizi. Ziwa walikuwa wakilisikia tu: ndakala zinatoka huko, na tena, sisi mama zao tuliwaambia, linameza watoto. Tulisema hivyo ili waogope maji. Mwishowe tuliona aibu. Mtoto ana miaka 11, barabara ya taifa namba 5 inapita mbele ya nyumba, na Tanganyika hajaiona!

Tukachanga kama tunavyochanga likelemba, tukakodi bisi Jumamosi moja: akina mama sita, nyanya mmoja na watoto tisa. Luvungi, Luberizi, Sange, Kiliba, Uvira. Hatukubaki kaskazini. Huko Ruzizi humwaga udongo wake ziwani, kwa hiyo ukingo ni mchanga na tope, na karibu na mdomo wa mto kuna viboko na mamba. Tulipita bandari ya Kalundu tukaenda hadi Luhanga, ambako milima inashuka mpaka majini na mawe yamerundikana ukingoni.

Kandambili zilitushinda palepale. Jiwe kavu linashika mguu, lakini lenye utelezi wa kijani linamwangusha hata mtu mzima. Mmoja wetu alikaa chini bila kupenda, kitenge kikalowa chote, watoto wakacheka mpaka machozi. Nyanya alipanda kwa mikono na miguu kama mtu anayelima shamba la mlimani, akatuacha nyuma.

Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470. Duniani linapitwa na Baikal peke yake. Huko Luhanga huhitaji kwenda mbali ili usione chini tena. Kati yetu sita, anayejua kuogelea ni mmoja. Basi tuliwagawa watoto, na kila tulipovuka jiwe kubwa tulihesabu.

Mara ya nne tukapata wanane.

Tulihesabu tena. Wanane. Mama yake alifungua mdomo aite, nyanya akamshika mkono: "Usipige kelele. Akishtuka atateleza." Mtoto alikuwa chini ya jiwe tulilosimama, amechuchumaa, miguu majini, anatazama kitu. Nyanya alishuka kwa kukaa, polepole, akamshika shati kwa nyuma, ndipo akamwuliza anaona nini.

Alikuwa anatazama samaki wadogo wanaokwangua ukijani wa mawe. Mvuvi aliyekuwa akirekebisha wavu karibu alituambia kwamba baadhi yao jike hubeba watoto mdomoni. Ni kweli. Watafiti wa Japani walizamia maji ya Uvira kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa kituo cha CRH, na samaki hao ni kati ya waliochunguzwa. Mmoja wao wanamwita Tropheus: jike huweka mayai mdomoni karibu mwezi mzima, na huku anaendelea kukwangua mawe, chakula kikiwafikia watoto humo ndani. Tulikaa kimya kidogo. Kisha mmoja wetu akasema, "Na baba yao yuko wapi?" Hapo hata yule mama aliyekuwa anatetemeka alicheka.

Alitaka kumchapa mtoto, hatutaficha. Nyanya alikataa. Alisema tuliwafundisha kuogopa ziwa, hatukuwafundisha kulitazama wakiwa wamekaa mbali na ukingo, wala kumwambia mtu wanakokwenda. Hatukuwa na jibu. Saa iliyobaki tuliitumia kwa hilo: kujaribu jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga, kushuka kwa kukaa, kuitikia jina lako unapoitwa.

Tulikula ugali na sombe kivulini. Maji ya kunywa tulikuja nayo, yamechemshwa, bidoni mbili. Kipindupindu hakijaisha Uvira, na maji ya ziwa hata yakiwa maangavu hatumpi mtoto. Bidoni mbili hazikutosha; kuanzia Sange watoto walilia kiu hadi nyumbani.

Tunataka kurudi likizo ijayo. Mwenye kutaka kuja na wanawe atuambie siku ya mkutano. Aje na viatu vyenye soli, bidoni moja kwa kila familia, na asilete watoto zaidi ya wawili kwa mtu mzima mmoja. Yule mtoto ameshaandikishwa, alijiandikisha mwenyewe.