Kinga ya mama huisha, fungua kadi ya mtoto

Mwaka 2022 surua ililipuka katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, iliko Kata ya Kibaoni, na kuua watoto. Mzazi hujiuliza: mtoto aliyezaliwa na afya njema, kinga yake imekwenda wapi?

Jibu limo kwenye damu. Humo mna kingamwili, askari wa mwili, wa aina kadhaa. IgG ya mama hupitia kondo la nyuma na kumlinda mtoto miezi ya mwanzo, kisha hupungua. IgA humfikia kwa maziwa ya mama. IgM hutengenezwa na mwili wake mwenyewe anapovamiwa na ugonjwa mpya.

Ndiyo maana mtoto mwenye homa na vipele huchukuliwa damu. IgM ya surua ikionekana, huashiria maambukizi ya karibuni. IgG huonyesha kinga ya zamani au ya chanjo.

Mtoto mzima wa afya hahitaji kipimo hicho. Tazama kadi ya kliniki: chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, ikarudiwa miezi 18. Dozi moja ikikosekana, mpeleke kituoni, usingoje vipele.