Kabla ya Kununua Kindle, Kagua Rafu Yake

Mabishano kuhusu Kindle na kitabu cha karatasi huanza na bei, yakaishia kwenye harufu ya kurasa. Anayeipenda Kindle atakuambia kwamba vitabu elfu moja vinakaa kiganjani. Asiyeipenda atajibu kwamba hakuna raha kama kufunua ukurasa kwa kidole. Wote wawili wanaliruka swali ambalo lingepaswa kutangulia: vile vitabu unavyovisoma wewe, kwa lugha unayoisoma, vinapatikana humo? Kifaa cha kusomea kikiwa peke yake kina thamani ndogo. Thamani yake inatoka kwenye maduka na maktaba kinakochota vitabu, na kukinunua bila kukagua rafu hizo ni sawa na kununua jiko la gesi katika mji ambako mitungi haiuzwi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, rafu hiyo imejaa upande mmoja na upande wa pili iko karibu tupu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kifaa hiki kinunuliwe kwa ajili ya vitabu vya nje, hasa riwaya ndefu, na kwamba fedha za vitabu vya Kiswahili ziendelee kwenda kwenye karatasi.

Tukipe kwanza haki yake. Kioo cha Kindle, Kobo au PocketBook hakifanyi kazi kama kioo cha simu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama, na herufi hutokea. Zikishajipanga hukaa hapo bila kula umeme mpaka ufunue ukurasa mwingine. Ufundi huu ulitoka katika chuo cha MIT, Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997 kuuendeleza. Sony waliuingiza katika kifaa cha kusomea huko Japani mwaka 2004, kisha Amazon wakaja na Kindle ya kwanza mnamo Novemba 2007, kwa dola 399. Kindle ya kawaida iliyotoka mwaka 2024 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 110 hivi. Faida yake kwa msomaji iko wazi. Chaji hudumu wiki kadhaa, jambo lisilo dogo kwa aliyezoea mgao wa umeme, na maandishi husomeka vizuri kibarazani saa sita mchana, pale ambapo simu hukuonyesha uso wako mwenyewe. Tena hakuna ujumbe wa WhatsApp unaoingia katikati ya sura ya tano.

Sasa tuifungue rafu. Upande wa Kiingereza hauna mfano. Vitabu vipya vya London na New York hupatikana siku ileile vinapotoka, bila kusubiri meli wala kumwomba shemeji anayerudi Desemba abebe nakala. Vile vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha, kama vya Dickens, Austen na Tolstoy, hutolewa bure na Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971 na ambao sasa una vitabu zaidi ya 70,000. Hata malipo, yaliyokuwa kikwazo kwa asiye na kadi ya benki, yamerahisika: tangu 2022 mtumiaji wa M-Pesa nchini Kenya anaweza kupata kadi ya Visa ya mtandaoni na kulipia duka lolote la nje linalokubali Visa. Msomaji anayeishi kwa riwaya za Kiingereza hahitaji kushawishiwa zaidi ya hapo.

Geukia Kiswahili, mambo yanabadilika. Wachapishaji kadhaa wamejitahidi. Vitabu vya kielektroniki vya Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam huuzwa nje kupitia African Books Collective ya Oxford, na Kenya ina eKitabu, kampuni ya vitabu vya kielektroniki. Hata hivyo, orodha ya riwaya, tamthilia na diwani za Kiswahili zinazouzwa kihalali kwa namna hiyo ni fupi mno ukiilinganisha na rafu za duka moja zuri la vitabu la Nairobi au Dar es Salaam. Sababu si uvivu. Mchapishaji wa kwetu hula kwa vitabu vya shule. Kenya, tangu 2018, serikali yenyewe ndiyo inayonunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni. Mwenye kampuni akipata fedha za kuwekeza, atazielekeza kwenye zabuni hiyo kabla hajamlipa fundi wa kuandaa upya diwani ya mwaka 1978 itakayonunuliwa na watu sitini. Haki nazo zimetatanishwa: mikataba mingi ya zamani iliandikwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kitabu kisicho na karatasi, na warithi wa mwandishi pengine hawajulikani walipo.

Wapo watakaosema kwamba riwaya zote hizo wanazo tayari, kwenye kundi la Telegram. Wanazo kweli, nyingi zikiwa picha za kurasa zilizopigwa kwa simu na kufungwa katika faili ya PDF, bila ruhusa ya mwandishi wala senti moja kumfikia. Tuliache suala la haki, ingawa ni zito. Faili hiyo haisomeki vizuri kwenye kifaa kidogo. Kitabu cha kielektroniki kilichoandaliwa vyema, kwa kawaida katika muundo wa EPUB, hujipanga upya kufuata ukubwa wa herufi unaoutaka. Ukurasa wa PDF haujipangi. Umegandishwa katika ukubwa wa karatasi yake ya awali. Kwenye kioo cha inchi sita utausoma kwa kuuvuta kulia na kushoto, mstari kwa mstari, mpaka hamu ikuishe. Wanafunzi wa vyuo wanaonunua Kindle ndogo kwa ajili ya makala na tasnifu za PDF hugundua jambo hili wakiwa wamechelewa. Kamusi nayo ina kasoro yake. Kwa Kiingereza unagusa neno na maana inajitokeza. Kwa Kiswahili, hata ukiwa na faili ya kamusi, mashine isiyojua kuvua viambishi haitaipata “tembelea” ndani ya “walipomtembelea”.

Fedha nazo zisemwe kwa hesabu. Tuseme kifaa, pamoja na usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji, kimekufikia Nairobi kwa shilingi 18,000. Tuseme pia kwamba riwaya ya Kiingereza inayouzwa dukani shilingi 1,500 unaipata kielektroniki kwa 900. Kila riwaya inakuokolea shilingi 600, kwa hiyo utasoma 30 kabla kifaa hakijajilipia. Anayemaliza kitabu kimoja kwa mwezi atafika huko kwa miaka miwili na nusu. Anayesoma vinne kwa mwaka atahitaji miaka saba na nusu, na kufikia hapo betri huenda imechoka. Anayesoma vile vya bure vya Gutenberg atajilipia upesi. Anayenunua mitumba ya vitabu barabarani kwa bei ya soda chache huenda asijilipie kamwe. Kwa Kiswahili hesabu haianzi hata kidogo, maana huwezi kupata nafuu ya kitabu kisichouzwa. Ni kweli kwamba karatasi nayo hubebeshwa mizigo: sheria ya VAT ya Kenya ya mwaka 2013 ilivitwika vitabu kodi ya asilimia 16, na wachapishaji wamelalamika tangu hapo. Malalamiko hayo yana haki, ila hayaongezi jina hata moja la Kiswahili kwenye rafu ya Amazon.

Lipo jambo zito kuliko bei, nalo ni nani mwenye kitabu. Mnamo Julai 2009 wasomaji kadhaa nchini Marekani walifungua Kindle zao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell vimetoweka. Amazon walikuwa wamevifuta kwa mbali baada ya kugundua kwamba aliyeviuza dukani mwao hakuwa na haki navyo. Walirudisha fedha, na Jeff Bezos akaomba radhi hadharani. Kimoja kati ya vitabu hivyo kilikuwa 1984, hadithi ya utawala unaofuta maandishi usioyataka, na watu hawakukosa la kusema. Cha pili kilikuwa Animal Farm, ambacho wasomaji wetu wanakifahamu kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ya mwaka 1967. Nakala za tafsiri hiyo zilizosambaa Tanzania na Kenya, hakuna kampuni ambayo ingeweza kuzifuata majumbani. Mwaka 2019 Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu. Fedha zikarudi, vitabu vikazimika. Februari 2025 Amazon waliondoa njia iliyomruhusu mteja kushusha vitabu alivyonunua hadi kwenye kompyuta yake na kuvihamishia kwenye Kindle kwa waya. Masharti yao husema wazi kwamba unacholipia ni ruhusa ya kusoma. Ruhusa hiyo huwezi kuiuza tena, wala kumkopesha jirani kwa mwezi mmoja, wala kuwaachia watoto kama urithi.

Atakayejibu kwamba karatasi nayo hupotea hajakosea. Mchwa hula, mvua hupenya bati, chumvi ya Pwani hufanya kazi yake polepole, na aliyeazima harudishi. Tofauti ni kwamba mchwa huingia nyumba moja baada ya nyingine. Kampuni hufuta kila mahali kwa amri moja.

Kuhusu akili inavyopokea maandishi, tuna ushahidi wa kutosha kuamulia. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizofanywa kati ya 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha usomaji wa karatasi na wa vioo. Karatasi ilishinda kwa maandishi ya maarifa, hasa msomaji alipobanwa na muda. Kwa hadithi hawakuona tofauti ya maana. Mwaka uliofuata Anne Mangen na wenzake waliwapa watu 50 hadithi ndefu ileile ya upelelezi, nusu wakaisoma kwenye Kindle na nusu katika kitabu. Waliielewa karibu sawasawa, isipokuwa walipoulizwa matukio yalifuatana vipi: hapo wa karatasi waliwazidi wenzao, pengine kwa sababu vidole vinahisi kurasa zilizosomwa zikiongezeka na zilizobaki zikipungua. Nami nachota humo mwongozo mmoja tu. Riwaya ya kujiburudisha haidhuriki kwenye kifaa. Kitabu cha mtihani, kwa mfano Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kwa mtahiniwa wa KCSE, ambaye lazima akumbuke nani alifanya nini kabla ya nani, kinapaswa kuwa cha karatasi, kikiwa na penseli kando yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la simu: kwa nini ninunue chombo cha pili wakati mfukoni ninacho kimoja? Worldreader, shirika lililoanza mwaka 2010 kwa kupeleka Kindle katika shule za Ghana na baadaye Kenya na Uganda, lenyewe lilihamia kwenye simu, kwa sababu simu ndizo zilizokuwa tayari mikononi mwa watu. Kwa hadithi ya watoto ya kurasa kumi, au makala ya gazeti, nakubali bila ubishi. Kwa riwaya ya kurasa mia nne sikubali, kwa kuwa simu imetengenezwa ili ikuondoe kwenye jambo unalolifanya.

Wapo watu wawili ambao hesabu yangu yote haiwahusu sana. Wa kwanza ni mzee ambaye macho yamepungua. Vitabu vya Kiswahili vyenye herufi kubwa ni adimu, na kifaa kinachokuza herufi kwa kugusa mara mbili kinaweza kumrudishia usomaji alioukatia tamaa, hata ikiwa ni wa Kiingereza au Kiarabu tu. Wa pili ni Mswahili wa ughaibuni. Aliyeko Toronto au Stockholm hulipa gharama ya posta inayoweza kupita bei ya kitabu chenyewe, hivyo hata ile orodha fupi ya vitabu vya Kiswahili ina uzito kwake. Zaidi ya hayo, kadi ya maktaba ya mji wake humwezesha kuazima bure maelfu ya vitabu vya kielektroniki. Ajue tu kwamba vitabu vya maktaba huingia kwenye Kindle kwa walioko Marekani, na kwamba kwingineko Kobo ndiyo inayokubaliana na maktaba nyingi. Kobo pia husoma EPUB moja kwa moja, na aina zake za mwaka 2024 zilitengenezwa kwa namna inayoruhusu fundi kubadilisha betri. Kama ningelazimika kupendekeza kimoja kwa mtu aliye mbali na kituo cha huduma, ningependekeza hicho, ingawa hapa kwetu Kindle ndiyo rahisi kuiona dukani.

Basi kabla hujalipa, andika majina ya vitabu kumi unavyotaka kuvisoma mwaka huu, uvitafute kimoja kimoja katika duka la kifaa unachokitamani. Vikipatikana saba, nunua, utakifurahia. Vikipatikana vitatu, zipeleke fedha hizo kwa muuza vitabu wa mjini kwako, uondoke na vile saba ambavyo Amazon hawana.