Ziwa Tshangalele: tunachotia majini kinaturudia

 Likizo kubwa inakaribia, na katika kila nyumba watoto wameanza wimbo wao: "Mama, tutaenda lini ziwani?" Kwetu sisi wa Likasi na Lubumbashi, mtoto akisema "ziwani" anataka kusema Tshangalele. Wengine wanaliita ziwa la Lufira, wengine Mwadingusha, wengine Kapolowe tu, kwa sababu ndipo wanaposhukia. Ziwa ni hilo hilo moja. Wiki hii tuongee juu yake: lilitoka wapi, linatupa nini, na mama aangalie nini ili siku moja ya furaha isizae miezi ya dawa.

Ziwa lililofanywa na watu

Watoto wengi wanafikiri Mungu aliliweka pale tangu mwanzo. Sivyo. Nkambo zetu wa zamani waliujua mto Lufira bila ziwa. Mto huo unatoka kusini mwa Katanga, unaelekea kaskazini mpaka kuingia katika Lualaba. Kule Mwadingusha ulikuwa unaanguka juu ya miamba kwa kishindo. Wabelgiji waliyapa maporomoko hayo jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe na udongo aliyepita katika nchi hii kati ya 1891 na 1893, pamoja na safari ya Bia na Francqui.

Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa, na kazi ya shaba ikaanza kukua. Shaba inataka moto mwingi. Makaa ya mawe yalikuwa yanaletwa kwa treni toka mbali, hata toka Wankie, kule tunakoita leo Zimbabwe. Halafu wakaleta namna ya kusafisha shaba kwa umeme, na kiwanda cha Shituru, Likasi, kikawa na njaa ya umeme usiku na mchana. Hapo macho yakageukia maporomoko ya Lufira.

Wakajenga ukuta juu kidogo ya maporomoko. Maji yakazuiliwa, yakarudi nyuma, yakatandaa juu ya bonde na matope yenye matete. Mwaka 1930 mtambo wa Mwadingusha ukaanza kutoa umeme. Wakati ule uliitwa Francqui. Mwaka 1950 ukafuata mtambo wa Koni, chini zaidi kwenye mto huo huo, nao ukapewa jina la Bia. Leo mitambo yote miwili iko mikononi mwa SNEL. Ule wa Mwadingusha ulikuwa umechoka sana. Ulitengenezwa upya kwa feza za kampuni ya shaba ya Kamoa, na mwaka 2021 mashine zake sita zikarudi kazini, zenye nguvu ya megawati 78.

Basi ziwa letu ni ghala. Wakati wa mvua linajaa. Wakati wa jua linashuka polepole huku mashine zikinywa. Na kwa sababu lilitandaa juu ya bonde la sawasawa, ni pana sana lakini si la kina kirefu. Kumbuka jambo hilo, mama, kwa maana mengi yanayofuata yanatoka humo.

Siku ya yenga ziwani

Lilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini watu hawakungoja ruhusa ili kulipenda. Wavuvi walikuja na mitumbwi yao. Ndege walikuja kwa wingi katika matete, na mwaka 1982 UNESCO iliandika sehemu ya bonde la Lufira kati ya hifadhi zake za viumbe na mazingira. Na familia zikaja. Siku ya yenga, kisha ibada, magari yanatoka kwenye barabara kubwa pale Kapolowe na kuteremka kuelekea majini. Wamama wanawasha makala, kambale na tilapia wanachomwa, bukari inapikwa, vijana wanacheza mpira mchangani. Baba ambaye wiki nzima hakuongea nyumbani, pale unamsikia anacheka. Siku ya namna hiyo ina faida katika nyumba, na hatutaki kumnyima mtu.

Lakini niwaambie yaliyonipata mimi mwenyewe.

Damu katika mkojo

Miaka michache iliyopita nilimpeleka mtoto wangu wa pili kwa nkambo yake, karibu na ziwa, apitishe likizo. Alikuwa na miaka tisa. Alirudi mwenye afya, mweusi kwa jua, anajua kupiga kasia. Miezi miwili ikapita. Siku moja yaya yake akaniita: "Mama, kuja uone, anakojoa damu." Nilifikiri alipigwa mpira tumboni. Jirani mmoja akasema ni uchawi, mwingine akaniletea mizizi ya kuchemsha. Nikapoteza wiki tatu.

Kwenye kituo cha afya walimwuliza neno moja tu: "Uliogelea wapi?" Wakapima mkojo wake, wakaona mayai ya bilharzia. Walimpima uzito, wakampa praziquantel kulingana na kilo zake, na akapona. Nililia njiani, si kwa ajili ya ugonjwa, lakini kwa ajili ya zile wiki tatu.

Ugonjwa huu unafanya kazi hivi. Mtu mgonjwa anakojoa au anajisaidia majini. Mayai yanapasuka, mdudu mdogo anaingia katika konokono wanaokaa kwenye majani ya kando. Kisha wiki kadhaa, wadudu wengine wanatoka katika konokono, wanaogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Macho hayawaoni. Wanapenya bila kidonda, na wanatoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, tangu saa ine asubuhi mpaka saa tisa. Na sisi, kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba, tunawaambia watoto: "Ngojeni jua lipande ndipo muingie." Tunawapeleka saa ile ile wadudu wanapowangojea.

Basi mama afanye nini? Kwanza, mtoto asichezee kwenye matete na maji yaliyotulia. Konokono wanapenda pale. Pili, ujue kwamba hakuna saa ya kuogelea isiyo na hatari kabisa. Mpira, mtumbwi na uvuvi vinaweza kujaza siku bila mtu kulowana. Tatu, akiloana, mpanguse mara moja kwa kitambaa kikavu na kwa nguvu, ingawa hiyo peke yake si kinga ya kutegemea. Ine, maji ya ziwa ya kuoshea mtoto yachemshwe, au yakae siku mbili katika chombo bila kuguswa. Wadudu hao watakuwa wamekufa. Lakini ya kunywa ni lazima yachemshwe. Tano, kisha likizo, mtoto akiona damu katika mkojo au katika choo, au tumbo likimuuma bila kuisha, nenda kituo cha afya na useme wazi: "Alikuwa ziwani." Na wewe uliyefua nguo pale, upimwe pia.

Na katika mtumbwi, usikubali wajazane. Ziwa pana lisilo na kina linaamka haraka upepo ukivuma. Kama hakuna koti la kuelea la mtoto, mtoto abaki pwani.

Kile kinachoteremka

Neno la mwisho. Ona vizuri: bilharzia haitoki kwa ziwa, inatoka kwetu. Mtoto anayekojoa majini leo anamlipa mwenzake kesho. Choo cha shimo mbali na maji kinaponya watu wengi kuliko sanduku la dawa.

Mambo mengine ni hivyo hivyo. Mto Panda unapita Likasi, karibu na viwanda, na maji yake yanafika Lufira na ziwani. Wanasayansi wamepima samaki wa Tshangalele, wakakuta ndani yao madini kama kobalti. Hatusemi muache samaki. Ni chakula cha watoto wetu na ni biashara ya wenzetu wa Kapolowe. Lakini mtoeni matumbo na maini kabla ya kupika, na msile samaki wa ziwa kila siku. Mbadilishe kwa maharagi, mayai na sombe. Na watu wa viwanda wanapokuja kuongea na wakaaji, wamama tuwe katika mkutano, tuulize maji yao yanasafishwa wapi.

Hata miti tunayokata kwa makala inahusika. Mlima ukibaki uchi, mvua inateremsha udongo, udongo unajaza ziwa, na ghala la umeme linapungua. Halafu sisi wenyewe tunalalamika umeme umekatika, tunanunua makala tena. Vivyo hivyo nyavu zenye matundu madogo na vyandarua vya mbu vinavyovua watoto wa samaki: mwaka unaofuata soko linakuwa tupu.

Kwa hiyo, wamama, twendeni ziwani. Tubebe bukari yetu, tuchome samaki, tucheke na waume zetu. Tubebe pia mfuko wa kurudisha takataka, kitambaa kikavu kwa kila mtoto, na jicho linaloangalia saa na matete. Mtoto wangu sasa ni kijana, anaenda bado kwa nkambo yake kila likizo. Mwaka uliopita alichimba choo cha shimo nyuma ya nyumba ya nkambo, pamoja na binamu zake. Hakuna aliyemtuma.