Kununua au kuuza nyumba: Je, ni lazima uwe na wakili?

MWENZANGU mmoja wa zamani katika chumba cha habari alitumia sehemu kubwa ya malipo yake ya uzeeni kununua ploti ya futi 50 kwa 100 katika Kaunti ya Kajiado. Broka alimwonyesha vigingi, muuzaji akamwonyesha hatimiliki, na mkataba ukaandikwa hotelini mbele ya mashahidi wawili. Wakili, aliambiwa, ni wa kula pesa tu. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimefika kwenye madirisha ndugu za muuzaji walipojitokeza. Hatimiliki ile ilikuwa halisi, ila jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la baba yao, aliyefariki bila mirathi yake kushughulikiwa kortini.

Sheria ya Urithi inakataza ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya korti kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Kwa hivyo muuzaji hakuwa na kitu cha kuuza, na mwenzangu hakuwa amenunua chochote.

Kisa hiki ndicho kinachonifanya nilichukulie kwa uzito swali ambalo wasomaji wengi hujiuliza wanapotaka kununua au kuuza nyumba: je, wakili ni wa lazima, au ni gharama inayoweza kuepukwa?

Kwa mujibu wa sheria za Kenya, hakuna anayelazimishwa kuajiri wakili. Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Ukiwa na ujuzi, waweza kujiandikia mwenyewe. Kile ambacho Sheria ya Mawakili inakataza ni mtu asiye wakili kuandaa hati za uhamisho wa ardhi kwa malipo. Yule broka anayekuandikia mkataba kwa elfu kadhaa, basi, anatenda kosa, na likizuka la kuzuka hakuna chama wala tume utakayomshtaki kwayo.

Wengi huamini kwamba upekuzi wa rejista ya ardhi unatosha. Ni kweli kwamba upekuzi ni rahisi siku hizi kuliko zamani, hasa tangu mfumo wa Ardhisasa uzinduliwe Aprili 2021 kwa kuanzia Nairobi. Rejista itakuonyesha jina la mwenye mali, rehani ya benki ikiwa ipo, na kizuizi ikiwa kimewekwa. Haitakuambia kwamba aliyetajwa humo amekufa. Haitakuambia iwapo nyumba hiyo ni ya ndoa, ilhali Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali hiyo kuuzwa bila idhini ya mke na mume wote wawili. Wala haitakukumbusha kwamba ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na kwamba kibali hicho sharti kiombwe katika muda wa miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Muda huo ukipita, sheria inauhesabu mkataba kuwa batili. Korti zimewahi kuwanusuru baadhi ya wanunuzi walionaswa hapo, lakini baada ya miaka ya kesi.

Kuna jambo zito zaidi. Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi baina ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki ya ploti karibu na ufuo wa Nyali, ambayo awali iligawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, kisha ikauzwa, na hatimaye ikaifikia Dina. Mwaka 2017 kaunti iliingia humo na kubomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kuelekea baharini. Mahakama ilisema ugavi wa kwanza haukufuata taratibu, na kwamba hatimiliki iliyotokana na ugavi huo haiwezi kumkinga hata mnunuzi anayesema alinunua kwa nia njema. Tangu hapo, kuitazama hatimiliki pekee hakutoshi. Inapasa kuchimbua ilikotoka. Kazi hiyo ya kufuatilia faili kuukuu, ramani na barua za ugavi si ya mtu aliyeomba ruhusa ya siku moja kazini.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, faida kubwa ya wakili haimo katika upekuzi. Imo katika ule muda wa hatari kati ya kutoa pesa na kupata hati. Muuzaji hataki kuachilia hati kabla ya kulipwa. Mnunuzi hataki kulipa kabla ya jina lake kuingia kwenye rejista. Wasipokuwa na wa kuaminika katikati, mmoja wao lazima afumbe macho aruke. Mawakili hulitatua hilo kwa ahadi ya kitaaluma: wakili wa mnunuzi, au wa benki inayomkopesha, humwandikia mwenzake kwamba salio litalipwa katika siku kadhaa baada ya uhamisho kusajiliwa. Kwa nguvu ya barua hiyo, hati huachiliwa. Wakili akienda kinyume, Mahakama Kuu yaweza kumlazimisha alipe mwenyewe. Ahadi ya broka haina meno hayo, hata aiape mbele ya chifu.

Muuzaji naye asijione yuko salama. Tangu Januari 2023, kodi ya faida inayotokana na kuuza mali ni asilimia 15, kutoka asilimia 5 ya awali, na anayeilipa ni muuzaji. Aliyenunua ploti kwa Sh2 milioni, akajenga kwa Sh2 milioni nyingine, kisha akauza kwa Sh6 milioni, atadaiwa takriban Sh300,000. Lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza husamehewa. Nimewasikia watu waliolipa bila kulijua hilo.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 4 mijini, asilimia 2 mashambani. Ada ya wakili huongezeka juu ya hayo. Ada hiyo imewekewa viwango vya chini kisheria, navyo hupanda kulingana na bei ya mali, hivyo mwombe akutajie kiasi kamili kwa maandishi kabla ya kuanza. Anayejitolea kukufanyia kwa nusu ya kiwango anavunja sheria ya taaluma yake mwenyewe.

Je, kuna anayeweza kuhiari kutomwajiri? Mzazi aliye hai anayemhamishia mwanawe shamba kama zawadi, pasipo pesa kupita, anaweza kuifuata njia ya bodi na ofisi ya ardhi kwa subira, japo sahihi zitahitaji kuthibitishwa mbele ya wakili au afisa mwingine anayetambuliwa kisheria. Penye pesa, sioni sababu ya kubahatisha.

Ila wakili awe wako. Kampuni nyingi zinazouza ploti na fleti humwambia mnunuzi kwamba wakili tayari yupo, tena bila malipo. Huyo ni wakili wa kampuni. Siku maslahi yatakapogongana, hatakutetea wewe.

Nao mawakili si malaika. Wapo waliotoweka na pesa za wateja. Kabla ya kumkabidhi mtu amana ya asilimia 10 ambayo kwa kawaida hutangulizwa, tafuta jina lake katika tovuti ya Chama cha Mawakili nchini, LSK, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Mkataba ueleze kwamba amana itakaa kwake, isimfikie muuzaji hadi mauzo yakamilike. Akikuhini, mashtaka hupelekwa kwa tume ya kupokea malalamishi dhidi ya mawakili, iliyo chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu.