Mbwa wa Ghala na Nyama Mbichi

Mbwa walindao maghala ya vyama mara nyingi hulishwa maini, mapafu na matumbo mabichi ya machinjioni, kwa kuwa hupatikana bure. Bure hiyo ina hatari. Katika maini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia huweza kuwamo vifuko vya maji vyenye vichwa vya tegu mdogo. Mbwa akivila, tegu hao, wenye urefu wa milimita 2 hadi 7, hukua utumboni mwake, wala kwa kawaida haonekani mgonjwa. Mayai hutoka na kinyesi, yakashika manyoya, majani na maji. Mtu akiyameza, uvimbe humwota inini au mapafuni polepole, pengine kwa miaka mingi, hata ikabidi apasuliwe. Huko Turkana, Kenya, maradhi haya yalienea mno, na mwaka 1983 ukaanzishwa mpango wa kuyadhibiti.

Viungo hivyo vichemshwe dakika 40, lakini mifupa iliyopikwa mbwa asipewe, kwani huvunjika vipande vikali. Vyenye vifuko vizikwe shimo refu. Dawa ya prazikwanteli huua tegu, si mayai. Kwa hiyo baada ya kumpa mbwa dawa, kinyesi chake nacho kizikwe. Gharama ya kuni na dawa iingizwe katika makisio ya chama. Si haki mlinzi kuitoa mfukoni mwake.