Waranti ya Nini Katikati ya Ghasia?

Tangu Juni 25, 2024, siku ya maandamano ambayo ofisi ya chama tawala ilichomwa mjini Embu, swali ni lile lile, kuanzia Makutano ya Meru hadi kwenye benchi za mahakama ya Embu: "Wakili, askari hakuwa na waranti. Si kijana wangu alikuwa na haki ya kukataa kukamatwa?"

Hapana, mama. Na nimechoka kulijibu mtoto akiwa tayari kizimbani.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinamruhusu polisi kumkamata bila waranti anayevunja amani mbele yake, na pia anayemzuia kufanya kazi. Mwenzako ameshikwa ukosi, mguu mmoja uko ndani ya karandinga. Wewe unamvuta mkono ukipaza sauti, "Waranti iko wapi?" Hujarusha jiwe wala kumgusa askari. Lakini umeshamzuia, tena kwa makusudi. Sheria haingoji ngumi.

Sasa pima mwenyewe. Kushiriki ghasia, kifungu cha 80 cha Kanuni ya Adhabu, ni hadi miaka 2. Kumzuia polisi, kifungu cha 253, ni hadi miaka 5. Ukishtakiwa chini ya kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mkono uliovutwa unaweza kukufunga miaka mingi kuliko ghasia yenyewe!

Je, askari akivunja sheria? Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alikuwa akitekeleza kazi yake ipasavyo, na hapo ndipo tunapowabana. Hoja hiyo ina nguvu mbele ya hakimu; mlangoni mwa karandinga inakuongezea shtaka.

Basi shikeni haya. Kipengele cha 37 cha Katiba kinalinda maandamano ya amani, bila silaha. Mpeni mkuu wa kituo cha polisi (OCS) notisi siku 3 hadi 14 kabla. Amri ya kutawanyika ikitolewa, ondokeni. Mwenzako akishikwa, kaa kando, andika namba ya askari, ya gari, na saa; ulizia anapelekwa kituo kipi. Ukikamatwa wewe, uliza kosa, omba wakili, kisha nyamaza. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Ukipigwa, nenda hospitali, ujaziwe P3, fomu ya polisi ya majeraha, uripoti IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.

Na wewe mama, mwambie kijana haya usiku wa kuamkia maandamano. Siku ya kutafuta dhamana umechelewa.